Jumapili Tuko Nyumbani, Kiingilio Je?

Mtchew! Voi kuna watu, jamani. Mtu hajui unga umefika bei gani, hajui mtoto wake yuko gredi ya ngapi, lakini mguse na mechi ya Jumapili uone. Atakupangia kikosi kuanzia kipa mpaka yule kijana wa kubeba maji, na kila jina atalipa sababu. Tangu Jumatatu, hapa kijiweni petu chini ya mwarobaini, habari ni hiyo moja. Mafuta yamepanda, yameshuka, shauri yenu. Jumapili saa tisa tunacheza nyumbani na wageni wanatoka Mombasa.

Jina la timu silitaji. Wa Voi unaijua. Na kama si wa Voi, kulijua hakutakufaa kitu, maana timu yetu huioni kwenye televisheni wala kwenye mkeka wa kubeti. Juu kabisa kuna Ligi Kuu na timu zake 18. Chini yake iko Supa Ligi ya Taifa, hiyo wanayoiita NSL. Teremka tena, Divisheni ya Kwanza, ya Pili, kisha ligi za mikoa na za kaunti. Sisi tumo huko ambako timu ikipanda daraja watu wanachinja mbuzi, na ikishuka hakuna anayejua ila waliolia.

Mwenye habari za uhakika hapa si kocha wala katibu. Ni fundi viatu. Kocha anaweza kukificha kikosi chake mpaka saa nane na nusu ya Jumapili, lakini njumu hazifichiki. Mchezaji anayejua ataanza huzileta Jumatano. Anayejua atakaa benchi huzileta Ijumaa, au haleti kabisa. Leo juu ya gunia mbele ya fundi ziko jozi nne. Ya kwanza soli imeachama, fundi ameipaka gundi na kuifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli ishike. Ya pili imeng'oka meno mawili ya mbele. Amechonga mengine kutoka soli ya kiatu kilichokufa zamani, anayapigilia kwa vijimsumari, ncha anazikunja kwa ndani na kuzifunika kwa kipande cha ngozi. Refa akikagua haoni. Mguu ndio utakaojua.

Jozi ya tatu ni namba nane. Kijana wa boda akauliza, "Fundi, hizi za nani?"

"Za wawili."

"Wawili vipi?"

"Winga na yule anayeingia badala yake."

Tukacheka mpaka mama wa mahamri akaja kuuliza kuna nini. Lakini ndivyo ilivyo. Ukimwona winga wetu dakika ya 60 anakimbilia nje na kujibwaga kwenye vumbi, usidhani msuli umemkaza. Anafungua kamba. Mwenzake amekaa hapo kandokando na soksi tu, anangoja kiatu kingali na joto. Refa anaangalia saa, wageni wanalalamika tunapoteza muda, na sisi jukwaani, yaani juu ya yale mawe, tunapiga makofi tukifikiri kocha ana mbinu. Mbinu wapi! Kocha wetu hapangi winga kwa mbio wala krosi. Anapanga kwa namba ya mguu. Juzi alikuja majaribioni kijana mmoja kutoka Sagalla, ana kasi ya ajabu, mguu namba kumi na moja. Kocha akamtazama usoni, akamtazama chini, akakuna kichwa.

Sasa hao wageni. Kijana wa boda ndiye mwenye chuki nao zaidi, na sababu yake haina uhusiano wowote na mpira.

"Hao watu wa Mombasa wanakunywa maji yetu ya Mzima tangu enzi za mkoloni," akasema. "Bomba linatoka huko Tsavo, linapita, linateremka mpaka kwao. Sisi hapa mfereji ukikohoa mara moja kwa wiki tunashukuru. Wametunywea maji, halafu waje watufunge na mabao? Ng'o!"

"Kwani wachezaji ndio waliochimba bomba?" mama wa mahamri akamuuliza.

"Wamekunywa, mama. Wamekunywa."

Huwezi kubishana na hesabu kama hiyo. Na tukiwa kwenye hesabu, niongeze ya kwangu. Kaunti hii ya Taita Taveta, zaidi ya asilimia 60 ya ardhi yake imo ndani ya mbuga ya Tsavo. Nafasi ya ndovu kunyoosha miguu ipo tele. Ya vijana kupigia mpira inatafutwa kwa tochi. Uwanja tulio nao wenyewe mwajua. Upande wa kaskazini udongo mwekundu mtupu, upande wa kusini nyasi zile za kuchoma miguu, na kati hapo pana mtelemko ambao kipa mgeni asipoambiwa mapema atajuta. Wundanyi wana uwanja uliopewa jina la Dawson Mwanyumba, mmoja wa mawaziri wa Mzee Kenyatta wa mwanzo, na huko angalau kuna baridi ya milimani. Hapa kwetu saa tisa jua linapiga kisogo, na upepo ukiamka vumbi linanyanyuka mpaka mshika kibendera anainua bendera ya ofsaidi kwa kubahatisha.

Nikasema basi, tukishinda kura ya sarafu, tuchague kucheza dhidi ya upepo kipindi cha kwanza. Wageni watoke Mombasa na lile joto lao la majimaji, wakutane na joto kavu la Voi, wakimbizane nasi dakika 45 wakidhani wanatawala mchezo. Kipindi cha pili wamekauka koo, na sisi upepo uko mgongoni. Mipira mirefu tu, kwisha habari yao.

Mghosi akatikisa kichwa. Mghosi ni mzee wetu hapa, alifanya kazi reli enzi zile stesheni ya Voi ilikuwa stesheni, na akitikisa kichwa kijiwe kinanyamaza.

"Mna mpango wa upepo," akasema, "mpango wa polisi mnao?"

Polisi tena? Wote tukamgeukia Kamisaa. Huyu si kamisaa wa mechi yeyote, hajawahi kuwa, ni jina tu alilopewa kwa kupenda kanuni. Ila kanuni anazijua kweli, hilo tumpe. Akaweka kikombe cha kahawa chini, akakunjua vidole, akaanza.

Marefa watatu na wa akiba mmoja. Posho yao na nauli yao, huku chini anatoa mwenyeji. Polisi wa kulinda uwanja, mwenyeji. Ambulensi, mwenyeji, na isipokuwapo refa hapulizi kipenga hata umlilie. Chokaa ya mistari, mwenyeji. Mipira ya kuchezea, maji ya wageni na chumba chao cha kubadilishia nguo, hata kama chumba chenyewe ni darasa la shule ya msingi lililoombwa kwa mwalimu mkuu, yote mwenyeji. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akahamia wa pili.

Sasa hapo ndipo ninapotaka watu wa Voi wanisikilize, maana tunaimba "nyumbani, nyumbani" tukidhani nyumbani ni kheri tupu. Ugenini timu yetu ikikodi matatu moja, ikabeba mkate na soda, imemaliza. Nyumbani ndiko inakokatwa. Mechi ya nyumbani ni arusi. Wageni wanakula, jirani wanakula, wapiga ngoma wanakula, na mwenye arusi analala na madeni.

Na hebu tuwataje wanaokula, tena kwa upole, maana wengine wako hapa hapa kijiweni.

Mama wa mahamri siku ya mechi huhamisha biashara. Anakwenda uwanjani na beseni la viazi karai, chupa ya ukwaju na ndoo ya maji baridi, na kufikia mapumziko beseni ni jeupe. Watu wa boda kutoka Sofia, Kaloleni, Mwakingali na Birikani, Jumapili hiyo hawalali mchana. Wanapeleka watu uwanjani, na mechi ikiisha wanawarudisha na kuwapandishia nauli kwa sababu tumeshinda, au kwa sababu tumeshindwa, yote kwao ni sababu. Muuza muguka, yale majani ya kutafuna, naye yupo. Mei 2024 kaunti tatu za Pwani, Mombasa, Kilifi na hii yetu, zilitangaza kupiga marufuku muguka. Mahakama ikaingia kati, kelele zikapigwa, na mimi siongezi neno. Nasema tu kwamba ukitaka kujua sheria ina nguvu gani, kaa nyuma ya goli la upande wa barabarani.

Wote hao wanapata riziki yao halali, Mungu azidishe. Timu inapata nini? Kiingilio. Shilingi 50. Na hapa ndipo ninaposonya.

Kwa sababu ukisimama langoni saa tisa kasorobo utaona watu wachache wanalipa, tena wanalipa kwa unyonge, wanaangalia huku na huku wasionekane na wenzao. Ingia ndani uone. Umati! Wametoka wapi? Wametoka ukutani. Kuna tundu upande wa nyuma, karibu na ule mkwaju, limeanza kama tofali moja tu lililolegea, sasa anapita mtu mzima na mkoba wake. Kuna wazee wa heshima, wana wajukuu, wanapita pale wakiinama na kofia mkononi. Nimeona kijana akimpandisha mchumba wake ukutani kwa mabega. Siku ya kwanza ya mapenzi, na umeshindwa kutoa shilingi 100 za watu wawili! Binti, kama unasoma hapa, fikiria vizuri.

"Lakini hata Kasarani watu waliruka," kijana wa boda akajitetea.

Kweli, waliruka. Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda zilipoandaa CHAN, watu walifurika Kasarani, wengine bila tiketi, wakavunja taratibu zote siku Harambee Stars ilipomfunga Morocco bao moja bila, tukiwa kumi uwanjani. Tulifurahi, nani hakufurahi. Lakini CAF haikucheka. Ilipofika mechi ya Zambia mashabiki wakapunguzwa hadi 27,000 kwenye uwanja ule mkubwa wote, na tiketi ikawa ya kielektroniki peke yake. Kwa hiyo mwenye nidhamu aliyetaka kulipa akakosa nafasi kwa ajili ya mruka ukuta. Hilo ndilo la Kasarani la kuiga?

Na tofauti ni kwamba Kasarani ukiruka umeiibia serikali na mashirikisho yenye ofisi na viyoyozi. Hapa Voi ukiruka umemwibia winga kiatu.

Hapo ndipo mtu hakosi kutoka na suluhu ile ile: "Si mheshimiwa atusaidie?" Safari hii aliitoa Kamisaa mwenyewe, nikashangaa, maana si mtu mjinga.

Mheshimiwa! Nataka niseme jambo hapa na sitaji mtu, kwa kuwa wako wengi, wa kila ngazi, wa kila chama, na uchaguzi wa 2027 unabisha hodi. Msimu wa kombe la mheshimiwa umeanza. Utaona bango, picha yake kubwa, kombe dogo pembeni. Kila kijiji kinasajili timu. Jezi mpya, kifuani uso wake, mgongoni namba. Zawadi ya mshindi pesa taslimu, ya pili mbuzi, ya tatu mipira. Vijana wetu wa ligi, wale wale wa njumu namba nane, wanaitwa na vijiji vyao. Utamkatazaje kijana? Ligi haimlipi hata nauli, na kombe la mheshimiwa likienda vizuri anarudi na elfu mbili mfukoni. Basi anacheza Jumanne, anacheza Alhamisi, Ijumaa ni nusu fainali, na Jumapili anakuja kwetu na kifundo kimevimba, anasema ni kidogo tu, kocha, nitacheza.

Fainali yenyewe hupangwa saa nane. Mpira unaanza saa kumi na moja kasoro, kwa sababu kuna hotuba. Kuna anayekaribisha, kuna anayemkaribisha mkaribishaji. Kipindi cha pili kinachezwa jua limezama nyuma ya vilima vya Taita na kipa anaokoa kwa kusikia. Kisha picha, mheshimiwa katikati, kombe juu. Mpira aliotuletea mwaka ule ulipasuka wiki ya pili. Picha bado iko Facebook.

Sisemi kombe ni baya. Vijana wanacheza, kijiji kinachangamka, mbuzi analiwa. Ila kombe ni la mwezi mmoja na ligi ni ya mwaka mzima, na timu ya ligi haiwezi kuishi kwa kungoja mtu ajisikie. Ikijifunza kungoja, siku mfadhili akiondoka inakufa na soksi miguuni.

Mnataka mfano? SoNy Sugar ya Awendo. Si timu ndogo ile, ilikuwa bingwa wa Kenya 2006, na nyuma yake kiwanda cha sukari. Mwaka 2019 SportPesa ikajitoa kwenye udhamini wa ligi baada ya kuvutana na serikali, na kiwanda nacho hali ilikuwa ya kuchechemea. Timu ikashindwa kufika mechi moja, ikashindwa ya pili, ya tatu ilipokosa ikafutwa ligini. Bingwa wa nchi nzima, kaondolewa na nauli! Sisi ambao hata muwa wa kutafuna hatuna tutasimama wapi?

Mghosi akaingilia. Yeye huwa hakosi 1965. Mwaka huo Feisal ya Mombasa ilichukua ubingwa wa Kenya, na tangu hapo hakuna klabu ya Pwani iliyougusa. Hata Bandari na pesa zao za meli. "Miaka sitini," akasema, "na mnajua Feisal walikuwa na nini? Walikuwa na watu."

"Mghosi, hata sisi watu tunao," kijana wa boda akamjibu. "Tunajaza uwanja."

"Mnajaza ukuta."

Kimya. Fundi viatu akaguna tu, akaendelea kupigilia.

Na Mghosi hakusema uongo, maana si lazima urudi 1965. Shabana ya Kisii ilishuka Ligi Kuu 2006, ikazunguka huko chini miaka 17. Miaka 17, watu wa Gusii hawakuitupa. Mtoto aliyezaliwa ikishuka alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu wa kuombea kitambulisho ikirudi. Msimu wa 2022/23 wakashinda NSL, wakapanda pamoja na Murang'a Seal, na wakati ule wa kupanda ungeona Uwanja wa Gusii ulivyojaa, si kwa sababu ya mheshimiwa, kwa sababu watu walikuwa wameshazoea kuja. Timu huko chini watu wakiizoea, huko juu inafika nao.

Na kwenye NSL hiyo hiyo ya msimu huo nani alikuwamo? Mwatate United. Naam, majirani zetu, hapo tu, kama kilomita 25 kwenye barabara ya Taveta, mji wa mkonge, tunaoucheka kwamba ukisinzia kwenye matatu umeshaupita. Walikuwa wanacheza ligi moja na Shabana, wanapokea timu kutoka Kisumu na Kisii, sisi tumekaa hapa njia panda ya Mombasa na Nairobi, tuna reli mbili, ya zamani na ya SGR, tuna chuo kikuu, tuna lango la Tsavo, na mpira wetu ni wa chini ya mwarobaini. Inauma? Inauma. Nilimwambia jamaa mmoja wa Mwatate kwamba hawakutupita kwa mpira, walitupita kwa umoja. Akanijibu, "Na umoja si mpira?" Sikumjibu. Wana maneno hao.

Najua mtasema watu hawana pesa. Sikubali. Jumamosi ukumbi wa video pale karibu na steji hujaa kwa mechi ya Uingereza, shilingi 50 hizo hizo, na hakuna aliyewahi kuingia kwa tundu. Mtu analipa kumtazama Bukayo Saka ambaye hajui Voi iko upande gani wa dunia, na hilo halinikeri hata kidogo, mimi mwenyewe naenda. Arsenal ni Arsenal. Kinachonikeri ni huyo huyo mtu, Jumapili, anapofika kwenye lango letu na kumwambia kijana wa tiketi, "Mimi wananijua hapa." Kukujua ndiyo sababu ya kulipa! Asiyejulikana ndiye angesamehewa.

Wengine wanasema tatizo ni kwamba hela ya mlangoni haijulikani inakokwenda. Hapo nawaunga mkono, tena kwa sauti. Timu nyingi huku chini zina mwekahazina ambaye daftari lake ni kichwa chake. Mwenye kulipa 50 ana haki ya kujua 50 yake imelala wapi. Nilimwuliza katibu wetu mbele ya wote, na akakubali, kijiwe kizima ni shahidi, kwamba Jumatatu asubuhi hesabu itabandikwa hapa kwenye shina la mwarobaini. Kilichoingia langoni na kilichotoka, refa kiasi gani, ambulensi kiasi gani, na kilichobaki. Asipobandika tutamjua. Lakini hesabu ya watu waliopita tunduni atabandika vipi?

Mama wa mahamri, ambaye muda wote huu alikuwa anakanda unga wa kesho na kutusikiliza, akasema maneno ambayo wanaume wote hapa hatukuyafikiria. "Mimi nikiuza uwanjani nitatoa beseni moja kwa timu. Kila mechi ya nyumbani. Na watu wa boda watoe safari moja moja." Kijana wa boda akafungua mdomo kubisha, akaufunga. Akasema atawaambia wenzake wa steji. Kumwambia mwenzako si kutoa, lakini ni mwanzo, na shahidi wake ni sisi.

Kuhusu mechi yenyewe, kama mnataka utabiri wangu, tunashinda moja bila. Bao litatoka kwa mpira wa kona, upande ule wa mtelemko, kipindi cha pili, upepo mgongoni. Kamisaa anasema sare. Mghosi hatabiri, anasema mtu wa reli hasemi treni itafika saa ngapi. Beki wetu wa kushoto tayari ana kadi za njano, akiongeza moja atakosa safari ya Malindi, kwa hiyo tafadhali waliokaa upande wake msimchochee amkate mtu. Mwaka jana mlimchochea.

Basi wasomaji wangu wa Voi, wa Mwatate mnaotucheka, wa Wundanyi mtakaoteremka na sweta zenu, wa Taveta mkipata usafiri: lango linafunguliwa saa saba na nusu, mpira saa tisa. Shilingi 50, watoto wenye sare za shule bure. Ukija na jezi ya Arsenal karibu, ya Manchester karibu, hata ukija kifua wazi karibu, ila pita langoni na udai tiketi yako. Tundu la mkwajuni litazibwa Jumamosi saa nne, fundi mwashi amejitolea, kinachokosekana ni simenti mfuko mmoja. Na chokaa ya mistari bado mifuko miwili. Mwenye nayo aipitishe hapa kijiweni kabla ya Jumamosi jioni, amwachie fundi viatu.